Marehemu Aliyeshika Kalamu Nyekundu

Kuna watu wakiona kosa la maandishi hulipita, wakaendelea na maisha yao, na Mungu akawabariki. Mama Chapa hakuwa mmoja wao. Bango la duka la dawa likisema "Panga foreni", yeye alirudi nyumbani kuchukua kalamu. Jirani akimtumia ujumbe wa kumtakia siku njema yenye baraka "tere", alijibiwa neno moja tu, "tele", bila salamu wala asante. Mumewe, fundi bomba mpole mwenye vidole vinene, aliacha kumwandikia barua za mapenzi tangu enzi za uchumba, baada ya ile ya pili kurudishwa imesahihishwa. Tangu hapo akiwa na neno humpigia simu.

Jina la Mama Chapa lilitokana na kazi. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka la uchapaji: kompyuta ya mezani, printa mbili, moja nzima na moja ya kuwekea vikombe, kisu kirefu cha kukatia karatasi ambacho watoto walikatazwa hata kukitazama, na rafu ya rimu zilizopangwa kwa rangi. Alichapa kadi za harusi, mialiko, vyeti vya mafunzo. Lakini kilichompatia sifa mjini ni vijitabu vya mazishi. Kurasa nne: picha ya marehemu mbele, ratiba ndani, wasifu wa marehemu ukurasa wa tatu, shukrani za familia nyuma.

Wasifu huo aliuandika mwenyewe. Wafiwa walikuja macho yamevimba, maneno hawana, wana tarehe tu: amezaliwa lini, amesoma wapi, ameacha watoto wangapi. Mengine walimwachia yeye. "Andika vizuri tu, Mama Chapa, unajua mwenyewe." Naye alijua kweli. Mlevi alitoka kwenye printa yake akiwa mtu wa watu na mpenda maongezi. Mkali asiyesalimiana na majirani alitoka akiwa mtu wa msimamo. Mvivu alitoka mtulivu. Watu walikuwa wakitaniana kwamba ukitaka kuwa mwema usijisumbue kutenda wema, wewe kufa tu, Mama Chapa atamalizia. Alilisikia hilo kwa masikio yake mwenyewe na akalichukua kuwa tangazo la biashara.

Sasa mwanamke huyu ndiye aliyewatoa watoto wake shuleni akaamua kuwafundisha nyumbani, na chanzo, tukisema ukweli, kilikuwa herufi moja. Kwenye ripoti ya binti yake mkubwa, mwalimu wa darasa alikusudia kuandika kwamba mtoto ana bidii ila anaongea sana darasani. Akaandika: "Ana bidii ila anaogea sana darasani." Mzazi mwingine angecheka, akaiweka ripoti kabatini. Mama Chapa alilizungushia neno duara jekundu, akaandika pembeni, "Maji anayatoa wapi?", akairudisha shuleni kwa mkono wa mtoto mwenyewe.

Kikao kiliitwa. Mwalimu alisema amedhalilishwa mbele ya wenzake. Mama Chapa alisema aliyedhalilishwa ni mwanawe, aliyevuliwa nguo mbele ya darasa zima kwa kukosa herufi n. Mwalimu mkuu, mtu wa amani, akawasihi waombane radhi. Mmoja akakataa kuanza, mwenzake akakataa kufuata. Muhula ulipoisha, Mama Chapa akaenda ofisi ya elimu kujaza fomu. Fomu yenyewe ilikuwa na makosa mawili, akayasahihisha, na kwa bahati aliyekuwa dirishani siku hiyo hakugundua. Alipewa ruhusa ya mwaka mmoja, kwa sharti kwamba kila muhula mkaguzi angefika kuangalia kazi za watoto. Asiporidhika, watoto wanarudi shule ile ile, kwa mwalimu yule yule, na mzazi anawapeleka mwenyewe hadi ofisini akatia saini ya kuwakabidhi.

Ni saini hiyo iliyomnyima usingizi. Alijiona amesimama mbele ya yule mwalimu, mwalimu anatabasamu, anamsogezea daftari, anamwambia, "Hapa, mama. Andika jina lako, na usikosee." Alikuwa tayari kula rimu nzima ya karatasi kuliko siku hiyo ifike.

Watoto walikuwa wawili. Binti, miaka kumi na moja, aliitwa Wakili kwa sababu hakuwahi kukubali jambo bila ushahidi. Mdogo wake, mvulana wa miaka minane, aliitwa Nukta. Siku alipofundishwa kwamba sentensi humalizika kwa nukta, aliipenda nukta kuliko sentensi. Aliandika hivi: "Paka. Amekula. Samaki. Wangu." Mama alishasema, akaonya, akabembeleza, lakini wapi. Kila neno la Nukta lilifungiwa mlango wake.

Meza ya masomo ilikuwa nyuma ya kiti cha mama, chini ya rafu ya rimu. Daftari hawakuhitaji, kwa maana nyumba ile ilikuwa na karatasi zilizoharibika za kutosha ukoo mzima, na karatasi zenyewe zilikuwa vijitabu vya mazishi. Upande mmoja wanafanya hesabu, ukigeuza upande wa pili mzee fulani anatabasamu ndani ya duara. Nukta alijifunza kutoa kwa tarehe za marehemu hao. "Mama, huyu ameishi sabini na mbili," alitangaza. "Huyu mwingine hamsini na tisa, lakini ilibidi akope moja kwa jirani." Mama alijibu "vizuri" bila kugeuka na vidole vyake vikaendelea kukimbia kwenye kompyuta.

Barua ya mkaguzi ilifika Jumatatu. Angekuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Kila mtoto awe ameandika kwa mkono wake wasifu wa mtu mmoja anayeishi naye, ukurasa mmoja. Na chini kabisa, kwa maneno yaliyopigiwa mstari: "Mzazi asisahihishe."

Mama Chapa alikisoma kile kimstari mara tatu, akitafuta kosa. Hakulipata, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Haya, wanangu," alisema, tayari amerudi kwenye kiti chake. "Mnajua wasifu ni nini?"

Watoto wakatazamana. Kuulizwa swali hilo katika nyumba ile ilikuwa kama mtoto wa mvuvi kuulizwa samaki ni nini. Wakili akaigeuza karatasi ya hesabu iliyokuwa mbele yake. "Si hii hapa? Ukurasa wa tatu."

"Eeh, hiyo hiyo. Basi kila mtu aandike wa kwake. Mimi sigusi, msije mkasema niligusa."

"Tumwandike nani?"

"Mtu yeyote wa humu ndani."

Nukta aliinua mkono, ingawa darasa lilikuwa la watu wawili. "Mama, si mpaka awe amekufa?"

Wakati huo huo simu ilikuwa inaita. Bibi harusi wa Jumamosi alikuwa amebadilisha ukumbi na kadi mia mbili zilishakatwa. Mama Chapa alibana simu kwa bega, akajibu bila kugeuka, "Fuata mfano, mwanangu. Wewe fuata mfano tu."

Mtoto akiambiwa na mzazi afuate mfano, tena mara mbili, kosa lake ni nini?

Nukta alisema atamwandika Baba. Wakili alikaa muda mrefu akiutazama mgongo wa mama yake, kalamu mdomoni, kisha akachukua rula akashuka chini ya meza kupima kitu sakafuni. Aliporudi alisema, "Mimi nimeshampata wangu."

Utafiti wa Nukta ulifanyika siku iliyofuata mezani, wakati wa chakula cha mchana. Fundi bomba alikuwa amerudi na njaa yake, suruali imelowa magotini.

"Baba, umeacha watoto wangapi?"

"Wawili," alisema baba, akitafuna. Halafu akafikiri. "Nimewaacha wapi?"

"Na uliugua kwa muda gani?"

"Nani anaumwa?"

"Si lazima uumwe," Nukta alimtuliza. "Inaweza kuwa ghafla."

Fundi aliweka kijiko chini, akamtazama mkewe aliyekuwa anahakiki kadi za harusi huku akila, akamtazama binti yake aliyekuwa anazuia kicheko kwa mkono. Alikuwa amekaa ndani ya nyumba hiyo miaka kumi na mitatu na alishajua kuna mambo hayaulizwi. "Basi andika ghafla," alisema. "Sipendi kusumbua watu."

Jumatano mchana watoto walipokuwa uani, Mama Chapa alilifungua jalada la kazi zao. Kusoma si kusahihisha, alijiambia. Barua imekataza kusahihisha. Kazi ya Wakili ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha imegundishwa kwa gundi ya dukani kwake mwenyewe, na juu ya mfuniko mtoto ametia saini ili ikifunguliwa ijulikane. Mama alijisikia ameshukiwa, akaona uchungu, ingawa alikuwa ameishika bahasha ile juu ya taa kwa dakika mbili nzima. Ya Nukta ilikuwa wazi.

"Marehemu. Baba. Alizaliwa. Zamani. Alikuwa. Fundi. Bomba. Bomba. La. Kwetu. Linavuja. Alikuwa. Anasema. Kesho. Amekufa. Ghafla. Hakusumbua. Mtu."

Kwanza alishtuka kwamba mumewe amekufa. Halafu alizihesabu nukta, na kwa kweli hizo ndizo zilizomuumiza zaidi. Mkaguzi akiona karatasi hii, saini ile pale shuleni haikwepeki. Akachukua kalamu nyekundu aliyoizoea, ile inayokaa nyuma ya sikio, akasema ataondoa nukta tu. Akaziondoa. Bila nukta sentensi zikaonekana uchi, akaziongezea neno hapa, neno pale. "Marehemu" likafutwa, maana mtu yuko hai na jioni atataka chakula. Mkono ulishaizoea njia, ukaenda wenyewe. Alipoinua kichwa, ukurasa ulikuwa umejaa.

"Nakili hii, mwanangu," alimwambia Nukta. "Kwa mwandiko mzuri. Ni ile ile yako, nimeinyoosha tu."

Nukta alisoma kwa kidole. "'Baba yangu ni nguzo ya familia na taa isiyozimika, ambaye mlango wake u wazi kwa mwenye njaa na mwenye kiu.' Mlango gani, Mama?"

"Andika."

"Na bomba linalovuja liko wapi?"

"Limetengenezwa."

"Halijatengenezwa. Ndoo iko pale chini."

"Kwenye wasifu limetengenezwa," alisema Mama Chapa, na suala likaishia hapo.

Mkaguzi alifika Alhamisi saa nne kasoro dakika mbili. Alikuwa mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi hadi kola, miwani imefungwa uzi shingoni, begi la ngozi lililochakaa kwenye pembe. Fundi bomba hakuwepo. Alikuwa ameaga mapema, akasema kama ameshakufa basi haoni haja ya kuchelewa kazini. Mama Chapa alikuwa amefagia, amefuta vumbi kwenye rafu, hata vikombe vilitolewa juu ya printa mbovu. Ile nzima ilikuwa inafanya kazi polepole kwenye kona.

"Mimi na wewe tumeshaonana," mkaguzi alisema akiketi. "Mwaka jana. Msiba wa mzee wangu."

"Ooh! Pole sana, kaka." Hakumkumbuka, wafiwa walikuwa wengi.

"Nimeshapoa. Lakini kile kijitabu..." Akatikisa kichwa. "Uliandika vizuri, dada yangu. Natembea nacho mpaka leo."

Mama Chapa alisema tunajitahidi tu, sauti ya unyenyekevu kabisa, huku moyoni anaona ruhusa ya mwaka mwingine ikishuka yenyewe kutoka mbinguni. Akamsogezea karatasi ya Nukta kwa mikono miwili.

Mkaguzi alivaa miwani, akasoma. Alipofika katikati alisimama. Akarudi mwanzo, akasoma tena, taratibu. Kisha akaivua miwani na kumwangalia Nukta.

"Kijana, taa isiyozimika ni nini?"

Nukta alimtazama mama yake. Mama alikuwa anaitazama dari. "Ni taa," alisema Nukta. "Haizimiki."

"Na huu mlango ulio wazi?"

Hilo alilijua. "Ule wa nyuma. Kitasa kimeharibika."

Mkaguzi hakucheka. Alifungua begi, akatoa shajara, na kutoka kwenye mfuko wa jalada la nyuma akachomoa kijitabu kilichokunjwa hadi mikunjo imekuwa myeupe. Akakilaza kando ya karatasi ya mtoto, ukurasa wa tatu, akaweka kidole hapa na kidole pale. Akasoma kwa sauti: "'Marehemu alikuwa nguzo ya familia na taa isiyozimika, ambaye mlango wake ulikuwa wazi kwa mwenye njaa na mwenye kiu.'"

Kwenye kona printa ilikuwa bado inatema karatasi, na hakuna aliyethubutu kuziangalia, kwa sababu zilikuwa za msiba wa kesho, ukurasa wa tatu.

"Hii niliisoma mimi mwenyewe," alisema mkaguzi. "Mbele ya watu mia tatu. Nilipofika kwenye taa nikashindwa, mjomba wangu akanipokea kipaza sauti. Mwaka mzima najiuliza, huyu mama hakumjua baba yangu hata siku moja, amewezaje kumwona hivi?"

Mama Chapa, aliyekuwa na neno kwa kila marehemu wa mji ule, alikosa neno kwa mtu mmoja aliye hai. Alijaribu kukumbuka ni wangapi aliowahi kuwaita taa isiyozimika, na walipofika thelathini akaacha kukumbuka. Aliona aibu. Si aibu ya kukamatwa peke yake, ingawa hiyo pia ilikuwepo na ilikuwa nzito. Aliona aibu kwamba mtu alilia juu ya sentensi aliyoibandika bila hata kuangalia picha.

"Alikuwaje?" aliuliza mwishowe, akiwa amechelewa mwaka mzima. "Mzee wako."

Mkaguzi alifikiri. "Alikuwa fundi saa. Wageni hakuwapenda kabisa. Mlango wake ulikuwa na makomeo mawili, na usiposema jina lako hafungui hata moja."

Kisha Wakili, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ameketi mikono imekunjwa mezani, alisukuma bahasha yake mbele. "Haijafunguliwa," alisema. "Angalia saini."

Mkaguzi aliikagua saini kwa umakini unaostahili, akaifungua bahasha, akasoma mstari wa kwanza. Nyusi zikapanda. "Huu," alisema, "nadhani usomewe watu. Soma wewe, binti."

Wakili akasimama, akavuta gauni lake, akakohoa kidogo kama wasomaji wa msibani wanavyokohoa.

"'Wasifu wa marehemu Mama Chapa.'"

Mama Chapa akakaa chini.

"'Marehemu alizaliwa tarehe ambayo hapendi itajwe. Alisoma hadi akayajua makosa yote. Aliolewa na fundi bomba ambaye alimwogopa kidogo na kumpenda sana. Marehemu alitutoa shuleni kwa sababu ya herufi n. Alisema anataka tuwe karibu naye. Tulikuwa karibu naye mita mbili, nimepima kwa rula. Marehemu aliketi akitupa mgongo. Mgongo wake naujua vizuri. Blauzi yake ya kazi hufungwa mgongoni, na kifungo kimoja cha juu kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Marehemu akicheka na mteja mgongo unatikisika, na sisi tunacheka ingawa hatujui ni kitu gani. Akigeuka huangalia karatasi kwanza, halafu mimi. Siku moja niliandika kwamba nimeota amekufa nikaliya sana. Marehemu alizungushia duara neno nikaliya. Alikuwa sahihi, halina y. Marehemu hakuacha kosa lipite hata mara moja. Ameacha mume mmoja, watoto wawili na printa mbili, moja mbovu. Apumzike kwa amani, maana alipokuwa hai hakupumzika.'"

Akaketi. Akakumbuka kitu, akasimama tena. "Mwisho," alisema, akaketi.

Mama Chapa alikuwa analia. Iliuma, tena iliuma mahali pasipofikika kwa mkono. Aliikumbuka ile karatasi ya ndoto, aliikumbuka vizuri sana, rangi ya wino, ukubwa wa duara, lakini uso wa mtoto siku ile haukumjia hata kidogo. Na baya zaidi, katikati ya machozi hayo hayo aligundua kwamba muda wote mtoto akisoma, sikio lake moja lilikuwa linatafuta kosa. Halikupata. Akaona fahari, na mara hiyo hiyo akaona aibu kwa kuona fahari.

Nukta alimshika goti. "Mama," aliuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayejua taratibu za msiba, "wewe ni ghafla au uliugua?"

Mkaguzi alilazimika kuangalia dirishani. Mabega yake yalitikisika kwa muda, kisha akajifuta macho kwa kitambaa, akatoa fomu yake ndani ya begi, akaandika. Aliandika polepole, mkono unaficha karatasi. Alipomaliza aliigeuza, akamsogezea Mama Chapa pamoja na kalamu yake ya bluu. "Soma, kisha tia saini hapo chini."

Fomu ilisema: "Binti anajua kuandika wasifu. Mvulana naye atajua akiachwa na nukta zake. Ruhusa iendelee mwaka mwingine. Mzazi apunguze kusaihisha."

Kusaihisha. Bila h ya kwanza.

Lilikuwa pale, jeupe, mchana kweupe, katikati ya neno lile lile kuliko maneno yote duniani. Mama Chapa alilisoma mara ya pili, likawa bado lipo. Mkono wake wa kulia, bila kutumwa na mtu, ukapanda kuelekea sikioni ilipokaa kalamu nyekundu. Wakili alikuwa anasoma fomu iliyopinduka kichwa chini, kutoka upande wa pili wa meza. Aliliona. Macho ya mama na binti yakakutana. Mkaguzi alikuwa anafunga begi lake, akifunga na kufungua kifungo kile kile.

Maji anayatoa wapi? Mwalimu akitabasamu. Daftari la kukabidhi. Yote hayo yalimpita kichwani, lakini si hayo yaliyoushusha ule mkono. Kilichoushusha ni kwamba Wakili hakuwa anaangalia fomu tena, alikuwa anamwangalia yeye.

Mama Chapa alichukua kalamu ya bluu, akatia saini. Jasho lilimtoka shingoni hadi kwenye kifungo chenye uzi wa rangi nyingine.

Mkaguzi aliiangalia ile saini, akaangalia mstari wa juu yake, muda mrefu kuliko unaohitajika kuangalia saini. Akaikunja fomu, akampa nakala. "Muhula ujao nitakuja na habari za mzee wangu," alisema akiwa mlangoni. "Za kweli. Ukipata nafasi, uniandikie upya ukurasa wa tatu."

"Njoo ukae," alisema Mama Chapa. "Utanisimulia, mimi nitasikiliza."

Hadi leo haijulikani kama lile lilikuwa kosa au mtihani. Fundi bomba, aliporudi jioni na kufurahi kukuta bado yuko hai, alisema ni kosa tu, watu hukosea, hata yeye aliwahi kuandika barua. Wakili alisema ushahidi hautoshi. Nakala ya fomu imo ndani ya jalada kabatini, na neno lile limo humo bila h yake, na Mama Chapa anajua lilipo kama mtu anavyojua jino linalouma. Hajaligusa.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Asubuhi ile, begi la mkaguzi lilipopotea kwenye kona ya mtaa, Wakili aliuchukua wasifu wake mezani.

"Naomba kalamu, Mama. Kuna mahali si kweli tena."

Mama akaitoa kalamu nyekundu nyuma ya sikio, akampa. Mtoto aliweka rula chini ya mstari, akayakata maneno "hata mara moja" kwa unyoofu kabisa, akaandika juu yake kwa herufi ndogo: "isipokuwa mara moja." Kisha akaiweka kalamu chini.

Simu ilikuwa inaita. Bibi harusi, bila shaka. Mama Chapa alishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza, akakiburuta zile mita mbili hadi kwenye meza ya watoto, akaketi. Alimwangalia mtoto kwanza, halafu karatasi.